Andika Jina la Atakayepokea Majalada Yako

Mwanangu, umepata leseni ya uwakili California na umefungua ofisi peke yako, huna mshirika wala karani. Hongera. Sasa nikuulize: ukilazwa leo, nani anajua ni kesi ipi inayofikia ukomo Alhamisi?

Sheria ya huko imeliwazia jambo hili. Kifungu cha 6180 cha sheria ya biashara na taaluma kinamhusu wakili aliyefariki, aliyejiuzulu, aliyefutwa au kusimamishwa. Cha 6190 kinamhusu aliye hai lakini kazi imemshinda, iwe kwa maradhi ya mwili, ya akili, pombe au dawa za kulevya. Akiacha kazi ya mteja njiani na hakuna wakili mwenzake aliyekubali kuibeba, mahakama ya kaunti inaweza kuiweka ofisi chini ya mamlaka yake. Huteua wakili wa kufungua majalada, kuwaarifu wateja, kuomba muda kwenye kesi zinazoendelea na kuwarudishia watu hati zao. Usiione mahakama hiyo kuwa adui. Inamlinda mtu aliyekukabidhi haki yake.

Lakini haiji yenyewe tu usiku ule unaoanguka. Kwa kawaida husubiri Chama cha Mawakili au mtu mwenye maslahi apeleke maombi, na hapo ndipo roho yangu inaposhtuka. Aliyegongwa na gari California kwa kawaida ana miaka 2 ya kufungua shauri. Kama muda huo ungemwishia, sheria humpa miezi 6 tangu amri ya mahakama itoke, mradi maombi yawe yamepelekwa kabla ya ukomo. Yakichelewa siku moja, mlango huo umefungwa. Na mtu asiyejua kwamba wewe ni mgonjwa ataombaje?

Kwa hiyo usifiche. Ukianza kuogopa kufungua barua za wateja, mwambie wakili mwenzako wiki hiyohiyo. Aibu yako isimgharimu mjane fidia yake.

Na kabla ya hayo, ungali mzima, kubaliana kwa maandishi na wakili unayemwamini kwamba atapokea kazi zako. Waeleze wateja katika mkataba. Mwonyeshe ilipo kalenda ya kesi, namna ya kuingia kwenye kompyuta, na akaunti ya amana iko benki gani. Mkeo naye ajue jina na simu ya wakili huyo.