Tuta la Udongo na Jirani wa Bondeni

Mtu aliyejenga tuta katika shamba lake ana deni gani kwa jirani akaaye bondeni? Wako wasemao kwamba hana deni, maana ardhi ni yake na udongo ni wake. Sisi twaona neno hili lafaa kupimwa.

Kwanza tutazame kazi ya bwawa dogo la kuzuia mafuriko. Tuta hukinga korongo; mvua kubwa ikinyesha, maji hukusanyika nyuma yake, kisha hutoka polepole kwa bomba. Yakizidi, hupita katika mfereji wa pembeni. Basi faida ya bwawa hili ni nafasi yake tupu. Lakini wakati wa kiangazi mwenyewe huliona kama shimo lisilo na kazi, akatamani kulijaza maji ya ng'ombe au ya samaki. Miti huota juu ya tuta na panya huchimba, naye hajali. Kumbe tuta la udongo halistahimili maji yapitayo juu yake. Humegwa mpaka likabomoka.

Huko South Fork, Pennsylvania, katika nchi ya Marekani, palikuwa na bwawa la udongo lililojengwa ili kutia maji katika mfereji wa vyombo. Baadaye likawa mali ya chama cha matajiri waliopenda kuvua samaki. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yamekwisha ondolewa, wala hawakuyarudisha; na mfereji wa pembeni wakauwekea kizuizi samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilizidi, maji yakapita juu, tuta likabomoka, na watu 2,209 wakafa katika mji wa Johnstown na bonde lake. Wala mambo haya si ya ng'ambo tu: usiku wa tarehe 9 Mei 2018 tuta la bwawa huko Solai, Nakuru, lilibomoka likaua watu zaidi ya 40.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo humwonya mtu juu ya hasara yake mwenyewe. Lakini hapa ufa ni wetu, na ukuta uangukao ni wa mwingine. Kwa hiyo kujali faida yetu hakutoshi. Yatupasa kujali haki. Jirani hulala akilitumaini tuta letu, hata kama hatukumwahidi neno. Azuiaye maji amejitwika maisha ya walio chini yake, na deni hilo hulipwa wakati wa jua: kufyeka, kuziba, kuzibua, na kuiacha nafasi tupu.