Motokaa Kuukuu ya Nyumbani

Nyumbani kwetu hapa Bisibo iko Toyota Noah, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Ndugu zangu wanena, "Na iuzwe, tununue nyingine." Mimi nakataa, wala si kwa ubahili (ingawa mke wangu hasadiki).

Maana hiyo nyingine nayo itakuwa kuukuu. Kenya hukataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi twatozwa kodi zaidi tu. Basi tutoe karo za watoto ili kununua ubovu tusioujua? Wetu twaujua, na oili twaibadili kila kilometa 5,000.

Lakini liko neno linisumbualo. Usiku mmoja jirani alikuja: "Mwalimu, tumpeleke mgonjwa wangu Biharamulo." Breki zilikuwa hazishiki mpaka nikanyage mara mbili. Sikumwambia. Njia nzima alinishukuru, nami kila mteremko nikitoka jasho. Kutengeneza kwangu nilikuita uaminifu. Na kuficha kule nikuiteje? Na nikiiuza, je, nitamwambia mnunuzi?

Fundi asema pampu kuu ya breki imekwisha, na bei yake yatushinda kwa sasa. Motokaa imelala uani. Juzi alikuja mwingine na mgonjwa. Nilimweleza yote, akaenda kutafuta pikipiki.