Kabla ya Kujibu Shtaka

Wanangu mnaosema hadharani mambo yanayowaudhi wakubwa, msidhani mkishavuka mpaka mmesalimika. Novemba 2024 Dkt. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka hapa hapa Nairobi. Siku chache baadaye akaonekana Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi. Jambo lile linaniuma hadi leo.

Ijueni habari ya Ebrahim Ismail Ebrahim wa chama cha ANC cha Afrika Kusini. Desemba 1986 alikuwa akiishi Mbabane, nchini Swaziland kama ilivyoitwa wakati ule. Watu wawili walimteka nyumbani kwake, wakamfunga, wakamziba macho na mdomo, wakamvusha hadi Afrika Kusini. Hapakuwa na ombi lililopelekwa kwa serikali ya Swaziland, wala hakimu aliyesikiliza lolote. Akashtakiwa kwa uhaini. Kabla hajajibu shtaka, alipinga: mahakama haina mamlaka juu ya mtu aliyetekwa nchi nyingine. Pingamizi likatupwa, akahukumiwa miaka 20. Akakata rufaa, na mwaka 1991 majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Bloemfontein, walioteuliwa na utawala ule ule wa ubaguzi wa rangi, wakaifuta hukumu yote. Walisema serikali inayomshtaki mtu nayo sharti ije na mikono safi.

Basi nawe ukisimamishwa kizimbani, eleza siku hiyo hiyo ulivyofikishwa pale: nani alikushika, wapi, na kama ulionyeshwa hati yoyote. Usingoje kesi ikomae.

Ila sitawadanganya. Si kila mahakama hufuata njia ya Bloemfontein. Nnamdi Kanu, mwanaharakati anayetaka Biafra ijitenge na Nigeria, alichukuliwa Nairobi mwaka 2021 akapelekwa Nigeria, na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya huko ikasema namna alivyoletwa haizuii kesi kuendelea. Mahakama Kuu ya Kenya ilipotamka, Juni 2025, kwamba haki zake zilivunjwa na alipwe shilingi milioni 10, bado alikuwa kizuizini Abuja. Haki ya miaka minne baadaye haimrudishi mtu nyumbani.

Kwa hiyo nguvu kubwa iko katika saa za mwanzo, wakati mwenzenu angali ndani ya nchi alikoshikwa. Ndugu zake wasikae wakipiga simu vituoni tu. Wakili akimbilie Mahakama Kuu kuomba amri ya kumfikisha mbele ya jaji. Aliyeona gari aandike namba zake. Na namba ya wakili muishike kichwani, kwa sababu simu ndiyo hunyang'anywa kwanza.