Ishara na Chanzo: Taa ya ABS na Swali la Kujua Sababu

Taa ya ABS inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima, inasema jambo moja tu: kompyuta inayosimamia breki za ABS imeacha kuziamini habari inazoletewa. Haisemi kilichoharibika ni kipi. Baina ya ishara hiyo na chanzo chake pana nafasi, na kuivuka ni kazi ya fikra kabla ya kuwa kazi ya spana. Swali lililomo humo ni la zamani kuliko gari lolote: ni wakati gani mtu ana haki ya kusema kwamba anaijua sababu ya jambo?

Breki za ABS za kielektroniki za kampuni ya Bosch zilianza kuuzwa mwaka 1978, kwenye Mercedes-Benz za daraja la S. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisigande dereva anapokanyaga breki kwa nguvu, kwa kuwa gurudumu lililoganda huteleza na gari haliutii usukani. Ili kompyuta iweze kazi hiyo, lazima ijue mwendo wa kila gurudumu. Kwa hiyo karibu na kitovu cha gurudumu hufungwa sensa, na mbele yake huzunguka pete yenye meno au ukanda wa sumaku. Sensa za zamani ni koili na sumaku tu: kila jino linapopita, umeme kidogo huzalika. Koili hiyo ikipimwa kwa mita, mara nyingi huonyesha ukinzani wa omu 1,000 hadi 2,000 hivi, kila mtengenezaji akiwa na kipimo chake. Sensa za kisasa hulishwa umeme, nazo hujibu kwa kubadilisha mkondo, kwa kawaida kati ya miliampia 7 na 14. Kipimo cha omu hakiwezi kuthibitisha uzima wa sensa ya aina hii. Chombo kinachotoa ukweli kwa ya kwanza chaweza kumpotosha fundi kwa ya pili, na hilo ndilo funzo la mwanzo: kabla ya kuuliza, sharti ijulikane anayeulizwa ni nani.

Huko Kamina, mji mkuu wa mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo tangu mwaka 2015 na njia panda ya reli ziendazo Ilebo na Kabalo, swali hili si la vitabuni. Magari mengi ya eneo hili la Katanga yalishatumika Japani kabla ya kuingia Afrika, mengi yakipitia bandari ya Dar es Salaam. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila penye upenyo; mvua zikianza, matope hushika kwenye vitovu na kukaukia humo. Waya wa sensa ya mbele hupinda kila usukani unapokatwa na huvutika kila gari linapoingia shimoni. Ndiyo maana hitilafu nyingi haziko ndani ya sensa: ziko kwenye waya uliokatika chini ya ganda lake, kwenye plagi iliyoota kutu ya kijani, kwenye pete iliyopasuka au ambayo meno yake yameziba, au kwenye beringi iliyolegea na kubadilisha nafasi kati ya pete na sensa.

Kuhusu ishara zenyewe, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alizigawa ishara mafungu mawili. Zipo ishara za asili, kama moshi unaoashiria moto bila moshi kukusudia lolote. Zipo pia ishara za kuwekwa, ambazo hubeba maana kwa sababu kuna aliyezikusudia. Kutu ya kijani kwenye plagi ni ya fungu la kwanza. Msimbo unaosomwa kwa skana ni wa fungu la pili. Kwenye Toyota nyingi, msimbo C0205 huelekeza kwenye ishara ya sensa ya mbele kushoto. Aliyeuweka msimbo huo alikusudia kusema kwamba njia ile ya habari ina kasoro, kuanzia pete, kupitia sensa, waya na plagi, hadi kompyuta yenyewe. Hakukusudia kusema kwamba sensa imekufa. Anayenunua sensa mpya kwa kuusoma msimbo peke yake amelichukua jina la mahali akaligeuza jina la sababu, na mara nyingi taa humrudia kabla wiki haijaisha.

Chukua gari ambalo taa yake huwaka likikata kona na kuzimika likinyooka. Fundi anachomoa plagi, anaunganisha mita, na sensa ya koili inasoma omu 1,400. Usukani ukiwa umenyooka, kila kitu kinaonekana kizima. Anaukata usukani hadi mwisho wake: namba inapotea, mita inaonyesha njia iliyo wazi. Anaurudisha, namba inarudi. Ganda la waya halina hata mkwaruzo, lakini likipasuliwa kwa wembe karibu na kishikio chake, nyuzi za shaba zinaonekana zimekatika, ncha zikigusana na kuachana. Kipimo cha kwanza hakikudanganya. Kilijibu swali uliloulizwa waya uliotulia, ilhali ugonjwa wake hutokea waya unapopinda.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alieleza kwamba tunachokiona ni pamba kuungua inapokutana na moto. Ule ulazima unaoviunganisha hatuuoni. Mwanafalsafa David Hume alifikia jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1748, karne zaidi ya sita baadaye. Kwa fundi, onyo lao lina uzito: taa kuwaka baada ya gari kupita mtoni si ushahidi kwamba mto ndio uliofanya. Mwanafalsafa John Stuart Mill, mwaka 1843, alieleza njia ya kusonga mbele: tafuta hali mbili zilizo sawa katika kila jambo isipokuwa moja. Pale ambapo sensa za kushoto na kulia zinalingana, fundi huzibadilisha nafasi. Hitilafu ikihamia upande wa pili, sensa ndiyo yenye shaka. Ikibaki palepale, sensa imeachiliwa na shaka inarudi kwenye waya, pete au beringi. Sharti ni moja: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha sensa, akasafisha plagi na kufunga pete mpya kwa mkupuo mmoja anaweza kulirudisha gari likiwa zima, lakini hajui alichokitibu.

Hata chanzo kikipatikana, lipo swali jingine ambalo mita hailifikii. Gari likiteleza na mtu akafa, jamaa zake hawaulizi tu waya ulikatikaje. Wanauliza kwa nini yeye, na kwa nini siku ile. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliandika mwaka 1937 juu ya Wazande, ambao wengi wao wako kaskazini mwa Kongo: ghala likiwaangukia watu, walijua vizuri kwamba mchwa wameila nguzo, ila waliuliza ni nini kilichowakutanisha watu wale na anguko lile. Padre Placide Tempels, aliyeishi miongoni mwa Waluba wa Katanga, alidai katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwamba Wabantu huuona ulimwengu kama mtandao wa nguvu zinazogusana. Mwanafalsafa Paulin Hountondji alimpinga kwa haki, akisema falsafa ni hoja za watu wanaojibizana, si imani moja inayopachikwa taifa zima. Waganga wa Kiluba, bilumbu, nao huvitikisa vitu vilivyo kwenye kibuyu na kusoma jinsi vilivyojipanga, kwa ajili ya mtu aliyefikwa na taabu anayeuliza kwa nini yeye.

Maswali hayo mawili, la waya na la mfiwa, hayagombani mpaka moja liketi kwenye kiti cha lingine. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanataka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu. Yesu anakataa kumtafuta mwenye hatia, kisha anamponya. Kutafuta wa kumlaumu kabla ya kuukagua waya kunaweza kuleta madhara mawili: jirani asiye na kosa anashutumiwa, na waya unabaki umekatika ukimngoja abiria mwingine. Na anayemwambia mfiwa kwamba yote yamekwisha kwa kuonekana nyuzi za shaba amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo kujua sababu ni wajibu kwa wengine. ABS ikikosa habari ya kuaminika, hujitoa, huwasha taa, na kuziacha breki za kawaida zifanye kazi bila msaada wake, mradi mabomba na mafuta ya breki ni salama. Haibahatishi. Anayeing'oa taa hiyo ili mnunuzi asiione amemnyima mwenzake ukweli unaohusu uhai wake, na kosa hilo ni zito kuliko kushindwa kuutambua ugonjwa.

Haki ya kusema "najua" hupatikana kwa masharti matatu. Hitilafu iweze kuitwa na kufukuzwa kwa kukigusa kile kinachodhaniwa kuwa chanzo. Baada ya matengenezo, misimbo ifutwe na gari liendeshwe barabarani hadi skana ionyeshe magurudumu yote manne yakitoa mwendo unaolingana kwenye njia iliyonyooka. Na hali ileile iliyoiwasha taa mwanzoni, kona au shimo, irudiwe bila taa kuwaka. Pungufu ya hapo fundi ana dhana, pengine nzuri, na uaminifu unamtaka amwambie mwenye gari kwamba ni dhana.