Kukataa Kuzoea Kifo

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, hakuna anayenunua kwa macho. Mchimbaji akitoka Nyarugusu au Rwamgasa na punje yake aliyoifunga ndani ya karatasi, punje hiyo huwekwa kwenye mizani, na muuzaji na mnunuzi huinama pamoja kusoma tarakimu hadi sehemu ndogo ya gramu. Hata aliyeshika dhahabu tangu ujana wake hupima, kwa sababu kitu cha thamani hakikadiriwi. Lakini mwendo mfupi kutoka hapo, katika vyumba vya kujifungulia vya ukanda huohuo, na kwa kweli katika nchi nzima, kwa miaka mingi damu ya mama aliyekwisha kujifungua ilikadiriwa kwa macho. Mkunga alitazama shuka, akatazama sakafu, akaandika kwamba ni ya kawaida.

Mkunga huyo hakukosa huruma. Alikuwa ameiona damu mara nyingi mno. Anayeishi na jambo usiku na mchana hupoteza uwezo wa kushtuka, na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba anayekadiria damu ya uzazi kwa macho huiona pungufu kuliko ilivyo, na kadiri inavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Wataalamu wameiweka nusu lita kuwa mpaka wa hatari. Mama anaweza kuuvuka mpaka huo akitabasamu, mtoto kifuani, ndugu wakipiga vigelegele nje. Kwa hiyo ninapotafakari mbinu za kibunifu ambazo madaktari na wauguzi wetu wamezibuni au kuzipokea, kinachonivuta zaidi ya werevu wake ni kile zinachokiri: kwamba jicho la mtaalamu huchoka, sikio huzoea, mkono husahau, na moyo nao hujifunza kutoumia. Naziona zote kuwa namna mbalimbali za mtu kujizuia asizoee.

Chukua kanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoani Kigoma, daktari wa uzazi Godfrey Mbaruku na wenzake walikuwa wakiwafikiria akina mama wanaojifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, mbali na vyombo vyote vya hospitali. Damu yao ingepimwaje? Hawakuagiza chombo kutoka ng'ambo. Walitazama kitu ambacho mama huwa nacho siku hiyo, hata awe maskini kiasi gani. Kanga ukubwa wake unajulikana, na kiasi inachonyonya kinaweza kupimwa. Wakunga wa jadi wakafundishwa kwamba kanga mbili zikilowa chepechepe, yaani doti nzima, damu imefika nusu lita, na hapo hakuna tena kusubiri. Mama apewe vidonge vya misoprostoli vya kuzuia damu. Vazi lilelile linalofungwa kiunoni jikoni, linalombeba mtoto mgongoni na kuvaliwa msibani, likawa shahidi asiyechoka. Bibi asiyejua kusoma hakuhitaji hesabu ya mililita. Alichotakiwa ni kuiamini kanga kuliko macho yake mwenyewe, na hilo, kwa mtu aliyezalisha nusu ya kijiji, si jambo dogo.

Mbaruku hakuanzia hapo. Kati ya mwaka 1984 na 1991, katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, yalifanyika mapitio ya vifo vya akina mama vilivyokwisha kutokea, kisha zikawekwa hatua 22. Zilihusu wajibu wa kila mtumishi, matumizi ya vifaa vinavyopatikana palepale, taratibu za kumhudumia mgonjwa, na hata hali za kazi za wanaohudumu. Vifo vikashuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Hapakuwa na mashine mpya ya kusimulia. Palikuwa na watu waliorudi kwenye majalada ya marehemu na kuuliza kilichotokea. Kuuliza hivyo ni kugumu kuliko kunavyosikika, kwa maana jibu mara nyingi linamhusu mtu aliyeketi chumba hichohicho.

Katika misiba yetu husemwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ni maneno ya faraja, na mahali pake ni pale mkekani, pamoja na waliofiwa. Siyabezi hata kidogo. Yamewashika wengi wasianguke. Lakini yakitoka msibani yakaingia wodini, hugeuka pazia. Nyuma yake hubaki chupa ya damu ambayo haikuwapo, simu ambayo haikupigwa, saa mbili ambazo hakuna aliyemgusa mama. Vivyo hivyo na ule usemi kwamba mjamzito mguu wake mmoja uko kaburini. Ulitungwa na watu waliozika sana, na ulikuwa onyo: mtunzeni. Ni lini onyo hilo lilianza kusikika kama ruhusa?

Sidhani kuna mahali ambapo mazoea yamegharimu kuliko kwa mtoto anayezaliwa kimya. Ametoka amelegea, rangi imefifia, halii. Mwaka 2009 ilianza kutekelezwa katika hospitali nane za Tanzania programu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Mambo yake ni mepesi kuyataja: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na asipopumua mpe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, na takwimu hiyo ikanukuliwa kote duniani. Iliyonikaa mimi moyoni ni nyingine. Watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu nao walipungua, kwa asilimia 24. Mtoto aliyefia tumboni harudishwi kwa mfuko wa hewa. Kwa hiyo baadhi ya walioandikwa wafu walikuwa hai. Mioyo yao ilikuwa ikipiga, polepole, kwa unyonge ambao kidole hakiuhisi, wakati kalamu ikielekea kwenye safu yao katika daftari.

Mtu akilitambua hilo kwa mara ya kwanza hutaka kukasirika. Nadhani hasira inawahi mno. Mwangalie muuguzi wa saa nane usiku. Amempokea mtoto mlegevu, na katika maisha yake yote ya kazi hajapata kumwona mtoto wa namna hiyo akirudi. Anamviringisha kwa upole, anamlaza pembeni, anamgeukia mama anayevuja damu. Amefundishwa na yale aliyoyaona, na aliyoyaona ni vifo. Je, tungefanya tofauti? Kilichokosekana pale ni kitu cha kumpinga, sauti ya kumwambia kwamba safari hii anakosea.

Ndiyo sababu naheshimu kifaa kidogo kiitwacho NeoBeat, kinachovalishwa kifuani mwa mtoto na kuonyesha mapigo ya moyo ndani ya sekunde chache. Kinamwambia mkunga jambo ambalo uzoefu wake unalikataa: mtoto huyu yuko hai, endelea. Kuna na kingine, Moyo, kinachofungwa tumboni mwa mama aliye kwenye uchungu, kikisikiliza mapigo ya mtoto na kutoa ishara mwenendo ukiharibika. Mwongozo unadai mapigo hayo yasikilizwe kila nusu saa. Mkunga mwenye akina mama watano na fetoskopu moja hawezi, hata awe na moyo wa malaika.

Lakini vifaa peke yake visingefika mbali, na waliolithibitisha hilo ni watu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Manyara, pamoja na wenzao wa Stavanger nchini Norway. Mwaka 2010 watumishi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Mbele ya mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri. Waliporudi leba, mambo yakaendelea kama zamani. Wangeweza kunyamaza, kwani mafunzo yalikwisha kufanyika na ripoti ingependeza. Waliandika kwamba hayakubadili kazi, wakachapisha. Kisha wakaja na utaratibu mwingine: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Hapo ndipo vifo vya siku ya kwanza vilipoanza kupungua. Katika nchi ambayo semina ya siku moja, yenye posho na picha ya pamoja, huhesabiwa kuwa kazi iliyokamilika, ungamo hilo la Haydom lilistahili kusomwa katika kila ofisi.

Funzo hilo ndilo lililobebwa na mpango wa Safer Births hadi vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Mwanza, Geita na Shinyanga. Matokeo yake, yaliyoandikwa na Dk. Benjamin Kamala wa Haydom na wenzake, yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakiwahusu akina mama wanaokaribia 300,000. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila 100,000, na vya watoto katika siku yao ya kwanza vikapungua kwa asilimia 40. Mafanikio yalitofautiana mkoa kwa mkoa, na si haki kukipa kifaa kimoja sifa yote.

Katika habari hii yote, anayenishughulisha ni muuguzi na mwanasesere. Mtazame, mwanamke wa makamo mwenye miaka mingi ya zamu, aliyewapokea watoto ambao leo wanachimba dhahabu au wanaendesha bodaboda mjini Kahama. Wajawazito humtaja kwa jina. Anaombwa, wiki baada ya wiki, asimame mbele ya mtoto wa plastiki, ambane barakoa usoni, ahesabu pumzi, huku binti aliyetoka chuo juzi akimwambia kwamba hewa inavuja. Kwetu, ambako umri ni heshima na kusahihishwa na mdogo ni aibu, hilo linadai tabia ambayo hatuna jina zuri la kuiita. Unyenyekevu ni sehemu yake. Sehemu nyingine ni ukaidi, ukaidi wa kutokubali kwamba yaliyotokea jana ndiyo yatakayotokea leo. Ajabu ni kwamba wapo wengi waliokubali. Hawakupigiwa makofi bungeni, na watoto waliookolewa na mazoezi yale hawatajua kamwe.

Shinyanga ilitoa pia wanaume wa barabarani kwa kazi hii. Mpango wa m-mama ulijaribiwa huko na Sengerema kabla ya Rais Samia Suluhu Hassan kuuzindua kitaifa mwaka 2022: simu ya bure kwa namba 115, na pasipo gari la wagonjwa, dereva wa kawaida wa kijiji huitwa ampeleke mama hospitali, malipo yake yakitumwa kwa simu. Mwenye gari aliyezoea kubeba magunia ya mpunga akawa sehemu ya leba. Ni jambo jepesi, na bado ilibidi mtu akatae kwanza kuzoea mama kufia njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Kuna zoea moja ambalo hakuna kifaa kilicholifikia. Mbaruku, katika miaka yake ya baadaye, alishiriki utafiti mkoani Tanga kuhusu namna akina mama wanavyotendewa wakijifungua. Walipoulizwa wakitoka kituoni, karibu mmoja katika kila watano alisema alikaripiwa, alidharauliwa, alitelekezwa au alitendewa vibaya kwa namna nyingine. Walipoulizwa tena baadaye majumbani mwao, idadi ikapanda hadi zaidi ya robo. Inaonekana wengine walihitaji kufika nyumbani kwanza ndipo waseme. Sauti inayomfokea mama leba nayo ni mazoea, na aliyeizoea haisikii tena, kama yule asiyeiona damu. Nani atamvalisha kifaa cha kumshtua?

Wala sitaki kumtwika muuguzi peke yake. Tunamdai awe macho kila usiku, apime kila tone, afanye mazoezi, aseme kwa upole, akubali kila kifo kijadiliwe. Madai hayo ni ya haki. Lakini mara ngapi yuko peke yake zamu ya usiku, akina mama wakiwa wawili kitandani na wa tatu amekaa chini akishika ukuta? Hali hiyo tunaijua sote tuliopata kumsindikiza ndugu kujifungua, na hatushtuki. Tunaieleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Miradi ina mwisho wake, mifuko ya hewa hupasuka, na mwanasesere bila mtu wa kumshika hubaki kabatini. Ikama ya wauguzi na wakunga hupangwa kila mwaka halmashauri zinapoandaa bajeti, Kishapu kama Nyang'hwale, Bukombe kama Msalala, na madiwani wanaoijadili ni watu tuliowachagua.