Fedha, Mtoto na Swali la Haki

Mtoto anayekulia Kariakoo, eneo la maduka jijini Dar es Salaam, hujua mapema kuhesabu chenji na kuvutana bei, lakini ni nadra kuelezwa fedha yenyewe hutoka wapi, na kwa nini humfikia mmoja kwa wingi na mwingine kwa tabu. Noti na sarafu za shilingi hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1966; hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha huzaliwa pale benki ya biashara inapomkopesha mwenye duka na kukiandika kiasi hicho katika akaunti yake, naye baadaye hukirejesha pamoja na riba, yaani nyongeza anayotozwa kwa kukopa.

Swali la mgao ni zito zaidi, kwa kuwa ni la kimaadili. Bei ya kitenge kinachouzwa Mtaa wa Kongo, humo humo Kariakoo, hubeba ujira wa kuli aliyeshusha robota, kodi ya pango, ushuru wa forodha na faida ya mwagizaji, na mtoto anayeweza kuyatenganisha mafungu hayo huona kwamba kila fungu limeamuliwa na watu. Uislamu, wenye waumini wengi katika mitaa ya Kariakoo, hulijibu swali hili kwa zaka, ambayo katika fedha na bidhaa za biashara ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango kilichowekwa na kupitiwa na mwaka, nayo huhesabiwa kuwa haki ya maskini. Walimu wa shule na wa madrasa, pamoja na wazazi wenye maduka, hawana budi kumzoesha mtoto kuuliza kuli amelipwa kiasi gani, hata kabla ya kumfundisha kuweka akiba.