Udhuru na Deni Lake

Siku za kuandikisha darasa la kwanza hapa Maskati, mzazi huja skulini na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha, na rekodi ya chanjo. Ile ya mwisho haizui mjadala. Karani anaiangalia juu juu, anaipachika kwenye faili, anaita jina jingine. Lakini karatasi hiyo inauliza jambo ambalo mzazi haulizwi mahali pengi: umemfanyia nini mwanao kwa ajili ya watoto wa wenzako? Na likishaulizwa, linazaa la pili, ambalo ndilo linalonishughulisha mimi. Nani anaweza kusema "mimi nisamehe", na akisamehewa, mzigo wake anaubeba nani?

Mwenye udhuru wa mwili hana wa kumbishia. Mtoto anayetibiwa saratani ya damu hawezi kupewa chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua. Aliyezaliwa bila kinga ya mwili hawezi pia. Kumchanja huyo ni kumdhuru, na kumwacha si kumpendelea. (Hapa niseme kwa kupita: katika familia zetu nimesikia mara nyingi mtoto mwenye selimundu akiombewa asamehewe, "keshachoka na sindano, maskini". Kumbe yeye ndiye anayezihitaji kuliko nduguze, maana wengu wake haufanyi kazi sawasawa na vijidudu vya nimonia humpata upesi. Huruma nayo inataka elimu.)

Kuna udhuru wa woga, na huu tusiudharau. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui aliyoipata kwa njia ya kawaida alikuwa mtu wa pwani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alifanya kazi katikati ya watu wenye sindano na yeye mwenyewe akaikwepa, kwa kuwa aliona inauma. Hakuwa na falsafa wala madhehebu. Alipona, na uzeeni akawa anazunguka kuwahimiza Wasomali wenzake wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, mpaka alipofariki 2013. Mtu kama huyo hahitaji sheria ya kumsamehe. Anahitaji mtu wa kukaa naye dakika kumi.

Mgumu ni wa tatu, anayesema kwa utulivu: mwanao umemchanja, basi ana kinga, wangu sikumchanja, na akiugua ni juu yangu, wewe unadhurika nini? Hoja hii ina sura ya haki. Ingekuwa kweli, ningeinyamazia.

Oman yenyewe inayo ya kujibu. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1981, na kabla miaka kumi haijatimia watoto wengi mno walikuwa wakichanjwa. Hata hivyo, baina ya Januari 1988 na Machi 1989 polio iliwapooza watu 118 nchini, wengi wao watoto wadogo, na wengi wao dozi zao walikuwa wameshazipata. Madaktari waliochunguza hawakukuta chanjo mbovu. Walikuta kwamba virusi viliweza kupita hata katikati ya watoto waliochanjwa, vikamtafuta yule ambaye dozi hazikumshika vizuri, na hakuna mzazi awezaye kumtambua huyo kwa macho. Wala si polio peke yake. Hapa Oman mtoto hupata chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 12. Kabla ya hapo kinga ya mama imeshafifia, na kinachomlinda ni afya ya watu walio karibu naye tu. Kwa hiyo yule anayesema "wewe unadhurika nini" amekosea hesabu. Kinga ya mwanangu si mali yangu peke yangu, na yake vilevile.

Sisi tuliolelewa na fikihi tuna chombo cha kulifikiria jambo hili. Kuna faradhi ya kila mtu na nafsi yake, na kuna faradhi ya kifaya: wakitosha walioitekeleza, waliobaki hawana dhambi. Maiti inazikwa na waliofika, na aliyelala nyumbani hasemwi. Wengi huona chanjo ni ya namna hiyo, na kwa kweli inafanana. Lakini haifanani mpaka mwisho. Maiti ikishazikwa, kazi imekwisha. Surua haizikwi, maana kila wiki wanazaliwa watu wapya ambao hawajui kwamba kazi ilifanywa jana, na ili ugonjwa usienee wanatakiwa wenye kinga kama asilimia 95. Nafasi inayobaki ni finyu, na imeshajaa vichanga na wagonjwa. Anayekaa humo kwa kupenda, pahala pa mtu amekalia.

Uingereza ilikuwa ya mwanzo kuiandika dhamiri katika sheria ya chanjo, mwaka 1898: mzazi aliyewaridhisha mahakimu kwamba anaamini kwa dhati chanjo ya ndui itamdhuru mwanawe aliachiwa. Jimbo la Minnesota, Marekani, mpaka leo linamruhusu mzazi kukataa kwa imani yake, mradi atie saini mbele ya ofisa wa viapo. Huko wahamiaji wa Kisomali walitishwa kwa maneno kwamba chanjo ya surua inaleta usonji, jambo ambalo utafiti umelikanusha tena na tena. Kati ya 2004 na 2014, watoto wao wa miaka miwili waliochanjwa surua walishuka kutoka asilimia 92 hadi 42. Mwaka 2017 surua ikaingia Minneapolis, ikawapata watu 75, wengi wao watoto wa Kisomali. Kila saini ilikuwa halali. Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya haki hii: inadumu kwa sharti kwamba wengine wasiitumie. Mkataaji anaishi salama kwa sababu jirani yake hakubaliani naye.

Je, tufunge mlango kabisa? Nasita, kwa sababu mlango wenyewe ni wa skuli. Uganda, kwa Sheria ya Chanjo ya 2017, inadai kadi ya chanjo mtoto anapoandikishwa, na mzazi mkaidi anaweza kufungwa. Naielewa hasira iliyoandika kifungu hicho, lakini mtoto aliyekoseshwa chanjo na babake kisha akakoseshwa darasa na serikali ameadhibiwa mara mbili kwa kosa ambalo si lake. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu rasmi, za wavulana watupu. Wazee waliorudi kutoka Unguja na bara wanaikumbuka nchi hiyo, na hawaoni mchezo katika kumwambia mtoto arudi nyumbani. Isitoshe, hapa chanjo ilishinda kwa kufika bure, karibu na mlango wa mtu, kabla mtu hajatishwa. Anayelazimisha kabla hajahudumia hana uso wa kudai.

Ninachokiona ni kwamba tumezoea kudhani kusamehewa ni kuondolewa deni. Msafiri na mgonjwa wanaruhusiwa kufungua Ramadhani, lakini siku zinawasubiri. Anayekataa chanjo kwa imani ya kweli naye ninaweza kumkubalia akiwa na kadha yake, yaani deni la kulipa: surua ikionekana skulini, mwanawe abaki nyumbani siku 21, ambazo ndizo muda mrefu kabisa wa ugonjwa kujificha mwilini. Asitengwe kwa adhabu, na skuli impelekee masomo, maana nayo ina deni kwake. Babake au mamake ndiye atakayeomba likizo kazini, na mwajiri akiuliza sababu, ataitaja kwa kinywa chake. Siku hizo zikimwia nzito, muuguzi yupo: chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa, bado inaweza kumkinga.